Supu ya Hidaya

Siku Tunu alipogoma kula, Hidaya alifurahi. Tusimsingizie na tusimpambe: alifurahi. Aliinama kwenye banda lililo nyuma ya jiko, akayaona majani ya kabichi ya jana yamelala vile vile, yamenyauka pembeni, na yule sungura mweupe amejikunyata kwenye kona, macho nusu wazi. Akasema moyoni, "Alhamdulillahi, leo na wewe umeshiba vya watu." Kisha akaenda zake kuchota maji huku akiimba.

Lakini usimwite mtu mbaya kabla hujasikia. Hidaya alikuwa na wivu, na wivu wake haukuwa wa kumwambia mtu. Ukiibiwa mume na mwanamke, majirani watakuja, watakaa nawe jikoni, watamtukana mwizi mpaka usiku uingie. Ukiibiwa na mnyama wa masikio marefu utamwambia nani? Jirani yake Esta alikuwa ameshanusa, na kila wakikutana bombani aliuliza, "Mke mwenzio hajambo?" Hidaya alicheka naye, meno nje, roho ndani inaungua.

Na kilichomuuma zaidi ni kwamba Tunu alitakiwa awe supu yake.

Mwaka uliopita, wakati wa baridi, Hidaya alipoteza mimba ya miezi mitano. Ilikuwa ya kwanza, na yeye na mumewe Hashimu walikuwa wameisubiri mpaka watu wakachoka kuwaulizia. Kwa akina Hashimu mambo hayo yana utaratibu wake. Mama mkwe, Bi Tatu, alikuja na mashangazi, wakafunga mlango, wakafanya yanayofanywa, wakazika nyuma ya migomba. Mwanaume haingii, haulizi, haambiwi zaidi ya kwamba imeharibika. Kisha Bi Tatu akaweka sheria: lisitajwe tena ndani ya nyumba hiyo mpaka mimba nyingine ishike, maana ukiitaja iliyotoka unaifukuza inayokuja. Hidaya akalazwa hospitali ya Bumbuli kwa sababu ya damu. Hashimu alikuwa akileta chakula, anasimama miguuni pa kitanda, anauliza, "Unaendeleaje?" Anajibiwa, "Naendelea." Anaangalia dirishani kidogo, halafu anaondoka. Hata mkono hakumshika.

Aliporudi nyumbani, watu wakasema mwili huo unataka supu, na supu ya sungura hurudisha nguvu upesi. Hashimu akaenda kwa rafiki yake Rubeni, anayefuga sungura ng'ambo ya bonde, akarudi na jike jeupe ndani ya kikapu. Hidaya alimsikia akinoa kisu uani. Akasubiri harufu ya supu. Akasubiri mpaka jua likageuka, na badala ya harufu ikaja sauti ya nyundo. Bwana alikuwa anajenga banda.

"Sina moyo wa kumchinja," alisema Hashimu, macho yake yapo chini. "Nitakuletea kuku."

Kuku aliletwa, tusimdhulumu. Lakini neno lile lilimkaa Hidaya kooni kama mfupa. Sina moyo! Huyu ambaye kila Idi ndiye anayeitwa kuchinja mbuzi wa kitongoji kizima, leo kisu kimemshinda kwa sungura? Na bado akampa jina. Tunu. Tangu amwoe, Hidaya hakuwahi kuitwa tunu ya mtu yeyote. Hashimu akitoka shamba, salamu ya kwanza ni ya bandani. Akimkatia majani, anamchagulia. Akikaa naye, anamnong'oneza kwa Kishambaa, polepole, maneno ambayo Hidaya akisogea yanakatika.

Basi msimu wa kabichi ulipofika, Hashimu akawa hana nafasi, akamwomba mkewe awe anashuka mteremkoni kumkatia Tunu majani. Hidaya akaitikia vizuri, kwa adabu, na hakushuka hata siku moja. Ashuke na mundu kwenye utelezi ule kwa ajili ya mke mwenza? Uani palikuwa na lundo la majani ya nje ya kabichi, yale yanayochambuliwa kabla ya kupakia lori. Ng'ombe hula, mbuzi hula, kila nyumba huko milimani haitupi jani la kabichi. Akawa anayabeba kwa mikono miwili, yamelowa mvua, anayatupa bandani mpaka sungura haonekani. "Kula," anamwambia, "kula usije ukasema kwangu umelala njaa."

Na Tunu alikula, mpaka hiyo asubuhi alipogoma.

Hashimu alipomwona alibadilika rangi. Hakunywa hata chai. Akampigia simu bwana mifugo, Yohane, na Yohane akaja na pikipiki yake, matope mpaka magotini. Alimpakata Tunu, akamminya tumbo taratibu, akamwekea sikio.

"Tumbo limejaa gesi na utumbo umesimama," alisema. "Sungura akiacha kula utumbo unalala, na ukilala sana hauamki. Mmekuwa mkimpa nini?"

Hashimu akamgeukia mkewe.

"Kabichi," alisema Hidaya.

"Nyingi?"

"Sikuipima."

Yohane akatikisa kichwa. "Msilaumiane, huku kila mtu anafanya hivyo. Mbuzi anavumilia, huyu hawezi." Akamchoma Tunu sindano ya maumivu, kisha akaeleza: maji na uji mwembamba sana kwa bomba la sindano lisilo na sindano, pembeni mwa mdomo, tone kwa tone, mara kwa mara kutwa nzima. Tumbo lisuguliwe. Apate joto. Na waangalie kinyesi. Akitoa hata vidonge viwili vitatu, amepona. "Asipotoa mpaka jioni," alisema akivaa kofia yake ngumu, "jiandaeni."

Hashimu hakugomba. Hidaya angependa agombe, maana ugomvi ni wa watu wawili. Alichofanya ni kumleta Tunu jikoni, akamzungushia shuka, akaketi naye kwenye kigoda karibu na moto, akaanza kumsugua tumbo. Vidole vyake, vile vigumu vya jembe, vilikuwa vinazunguka polepole, vinapumzika, vinazunguka tena. "Pole," alikuwa akisema. "Pole, mama. Pole."

Hidaya alikuwa anakoroga uji na mwiko ukasimama. Hakujua kama mikono hiyo inajua kufanya hivyo. Tumbo lake yeye lilipokuwa linamchoma, lilipokuwa tupu na bado linajidhani lina mtu, mikono hiyo ilikuwa wapi? Ilikuwa imeshika chupa ya chai, miguuni pa kitanda. Wivu ulimpanda mpaka akaona jiko linazunguka. Alitamani kumnyang'anya huyo mnyama amtupe motoni, na alitamani vile vile, Mungu amsamehe, kulala yeye ndani ya ile shuka.

Saa za mchana simu ya Hashimu ikaanza kulia. Lori la mnunuzi lilikuwa limefika barabarani, na kabichi zilizokatwa hazingojei mtu. Alikaa akiitazama simu kama mtu aliyeitwa polisi. Mwishowe akasimama, akamweka Tunu mapajani mwa mkewe.

"Hidaya, nakuomba," alisema. "Nakuomba sana. Asife huyu."

"Mbona unaniomba kama mgeni? Nenda."

Alipotoka, jiko lilibaki na watu wawili: Hidaya na mke mwenza. Uji ulikuwa kwenye kikombe, bomba la sindano kando yake. Tunu alisaga meno, sauti ndogo kavu, na mbavu zake zilipanda na kushuka. Hidaya alimtazama. Akawaza jambo lenyewe bila kulifunika: nisipomnywesha, nani atajua? Mwenyewe bwana mifugo amesema anaweza kufa. Nitamwambia Hashimu nilijitahidi, na nyumba itarudi kuwa na mke mmoja. Akalisukuma bomba la sindano kwa kidole, likaviringika mpaka ukingoni mwa meza.

"Hodi humu ndani!"

Alikuwa Rubeni, kofia mkononi, amebeba kifurushi cha majani makavu. Alisikia habari kwa Yohane njiani.

"Karibu, shemeji," alisema Hidaya, akakichukua kile kibomba haraka.

"Pole, shemeji. Pole sana." Rubeni akachuchumaa, akamgusa Tunu sikio. "Maskini huyu, ameona mengi. Mimi nilimwambia Hashimu, baada ya wale watoto, huyu hatapona, mchinje tu. Akakataa katakata."

"Watoto gani?"

"Wale aliozaa wamekufa." Rubeni akainua uso, akaona uso wa Hidaya, na maneno yakamgeuka mdomoni. "Nilidhani unajua."

"Sema, shemeji."

Alisema, kwa kujiumauma. Siku ile alimuuzia Hashimu jike bila kujua kwamba lina mimba. Hashimu alipomlaza achinje, mkono wake ukasikia vitu vinacheza ndani ya tumbo. Akakiweka kisu chini. Baada ya siku chache Tunu akazaa, na watoto wote wakatoka wafu. Hashimu akawabeba kwenye kikapu alfajiri, akavuka bonde kwenda kwa Rubeni kuomba mahali pa kuzika, kwa sababu kwake hakutaka mkewe aone kaburi lingine.

"Tuliwazika kwangu, chini ya mparachichi," alisema Rubeni. "Shemeji, nimefuga sungura tangu utoto. Sijawahi kuona mwanaume anawalilia namna ile. Alikaa chini kwenye matope. Nilimwacha mpaka alipomaliza."

Rubeni aliaga haraka, kama mtu aliyevunja chungu nyumbani kwa watu.

Ungedhani sasa wivu wa Hidaya ungelainika. Haukulainika hata kidogo, ulipata sababu mpya. Kumbe alilia! Kumbe Hashimu ana machozi, na aliyabeba akavuka nayo bonde zima, akayamwaga chini ya mparachichi wa Rubeni, mbele ya Rubeni, juu ya watoto wa sungura. Na yeye mwenyewe alipata nini? Unaendeleaje, naendelea. Hayo machozi yalikuwa yake. Yake na ya yule aliye nyuma ya migomba. Huyu mnyama alizaa wafu akaliliwa. Yeye alizaa mfu akaambiwa anyamaze ili asifukuze mwingine.

Akamshika Tunu shingoni, akamwinua, wakatazamana.

"Hufi," alimwambia. "Unanisikia? Ukifa atakulilia tena wewe, mara ya pili, na mimi nitakaa hapa nikihudumia wafiwa. Hufi ng'o."

Akajaza bomba la sindano. Akampenyezea pembeni mwa mdomo, tone, akangoja ameze, tone jingine. Tunu akageuza kichwa, uji ukamwagika kwenye kanga. Hidaya akamtukana na kuanza upya. Akamsugua tumbo kama alivyomwona Hashimu akisugua, akizunguka, akipumzika. Tumbo lilikuwa gumu kama mpira. Chini ya manyoya lilikuwa na moto, na mahali fulani katikati ya kusugua, Hidaya akajikuta anasema pole. Hakujua anamwambia nani. Akaendelea kusugua na kunywesha, kuni zikaisha akaongeza nyingine, ukungu ukapanda kutoka bondeni ukafunika migomba, na yeye hakunyanyuka hata kwenda kufunga mbuzi.

Hashimu aliingia jioni amelowa, hakuvua hata viatu. Alimkuta mkewe kwenye kigoda, kanga imeganda uji, Tunu mapajani. Juu ya kanga palikuwa na vidonge vidogo vyeusi, vitano au sita, na sungura alikuwa anatafuna jani moja kavu la Rubeni, taratibu.

"Amekunya!" alisema Hashimu. Akapiga magoti, akaviokota vile vidonge mkononi kama mtu aliyeokota vito, akacheka. Akamchukua Tunu, akamkumbatia kifuani. "Umemponya, Hidaya. Mungu akulipe."

Hidaya alimtazama akimkumbatia. Alikuwa amechoka, mgongo unamuuma, na bado wivu ulikuwapo, mzima wa afya.

"Rubeni alikuja," alisema. "Ameniambia ya mparachichi."

Kicheko kikamwisha Hashimu usoni. Akaanza kusema kuhusu mama yake, kwamba Mama alikataza, kwamba aliogopa kuitaja, kwamba hata hospitali alisimama pale miguuni pa kitanda na neno lipo mdomoni na akaogopa likitoka litamharibia. Alikuwa anaongea na sakafu.

"Alikuwa wa kike," alisema Hidaya.

Hashimu akainua uso kutoka sakafuni.

"Mtoto. Alikuwa wa kike. Mashangazi walimfunga kwenye kanga yangu ya harusi, mimi ndiye niliyewapa. Hukuuliza, na mimi sikukwambia. Sasa nakwambia, na kama inayokuja itakimbia, na ikimbie."

Mikono ya Hashimu ililegea. Tunu akamteleza kifuani, akaanguka kwenye kuni, akajikung'uta, akaruka kuelekea mlangoni ambao haukuwa umefungwa. Hashimu hakugeuka kuangalia sungura alikokwenda. Alitembea kwa magoti yale yale mpaka kwenye kigoda, akaweka uso wake juu ya ile kanga yenye uji na mavi ya sungura, na akalia kwa sauti, hapo jikoni kwake, mbele ya mkewe.

Hidaya hakumbembeleza. Alimwacha alie, na alisikiliza kila kilio mpaka mwisho, maana alikuwa amekingojea tangu mwaka jana.