Beti ya Odeta

Masalu alipanda jukwaani pale Mkolani, kwenye sendofu ya kumuaga bibi harusi Evelina, na gita lake tu. Bendi ilikuwa imesambaratika, na tusizunguke, aliivunja mwenyewe kwa mdomo wake. Redioni waliuliza ule wimbo wa harusi unaopigwa Mwanza nzima kautunga nani, naye akajibu bila hata kumeza mate: "Mimi, peke yangu." Muongo! Aliyeutunga ni Odeta, mwimbaji mwenzake, siku anaanika dagaa kwao Nansio. Odeta akaondoka, na wenzao wakamfuata.

Haya, wimbo ukaanza vizuri, watu wakainuka. Sasa katikati kuna beti ya kuusifu ukoo wa bibi harusi: babu zake, shangazi zake, mpaka ng'ombe wao. Kila shughuli Odeta alikuwa akitangulia jikoni kupiga soga na akina mama, anatoka na majina yote kichwani. Masalu hakuwahi kujihangaisha nayo. Ilipofika beti hiyo akageuza shingo kwa mazoea, akaita kwenye maiki: "Odeta, wape!"

Nyuma yake hakuna mtu. Weee! Mama Evelina alikuwa ameshafika mbele, kitenge kiunoni, anasubiri kusikia jina la marehemu baba yake. Masalu akarudia mapigo yale yale ya gita, akarudia tena. Mama wa watu bado kasimama.

"Imba basi, baba," akamwambia kwa upole. "Si umeutunga wewe?"

Na hapo ndipo alipomwona Odeta mwenyewe, kaalikwa kama wengine, meza ya nyuma kabisa, macho kwenye sahani. Akaimba lililomjia: "Wimbo huu ni wa Odeta!"

Ukumbi ukadhani ni kiitikio. "Wa Odeta!" wakadaka, na vigelegele juu. Kadiri alivyokiri ndivyo walivyozidi kukata mauno. Mama Evelina naye akacheza hivyo hivyo, baba yake hajatajwa.

Aliposhuka alikwenda moja kwa moja meza ya nyuma.

"Odeta, umesikia? Nimesema mbele za watu."

"Nimesikia. Kwani kule redioni uliimba?"

"Hapana."

"Uliongea. Na kila mtu akakuelewa."

Masalu akakosa pa kuweka uso. Angeweza kuondoka, mlango ulikuwa pale pale, na kusema kweli miguu ilishaanza kuelekea huko. Lakini akarudi mbele. Mshereheshaji alikuwa ameshaita keki. Akamwomba maiki, akaliegemeza gita ukutani. Watu wakashangilia, wakidhani wanaongezewa wimbo. Mama Evelina akainuka haraka, akakaza tena kitenge chake, akasogea karibu kabisa ili safari hii jina lisimpite.

"Shikamooni wazee," Masalu alisema. "Mama, naomba ukae. Siimbi."