Meseji Niliyoisoma Juu ya Jiwe

Jumatano, tarehe kumi na tatu Agosti, ndiyo siku kila kitu kiliharibika, na mimi nilikuwa nimeshiba samaki vizuri sana.

Tulikuwa wanne kutoka kiwanda cha nyuzi hapa Thika. Boila ilikuwa imeharibika, meneja akatuambia twende nyumbani wiki nzima, kazi ianze tena Jumatatu. Owino akasema badala ya kukaa Makongeni tukiangaliana, twende kwao, kisiwa kidogo kule ziwani. Hakuna stima, hakuna netiwaki. Benta akakubali, na Lynn wa Kamakis pia. Mimi nilikataa. Tangu mke wangu Kanini afe, sijui kukaa na watu wanaocheka. Benta akaja akanipangia nguo kwa begi yeye mwenyewe.

"Mzee Maluki, kama ni kununa, utanunia huko kwa maji."

Walinitunza kama mtoto. Owino alinipa kitanda, yeye akalala kwa mkeka. Benta alinitolea samaki miiba, ati Mkamba asije akajiua.

Sasa hiyo Jumatano nilipanda jiwe kubwa nyuma ya boma, kuangalia ziwa tu. Huko juu netiwaki ikashika kidogo, simu ikalia mfukoni. Meseji ya kiwanda: boila imepona, kila mtu afike kesho saa mbili asubuhi, asiyefika nafasi yake atapewa mwingine. Ndivyo walivyo hao wakubwa. Wanasema hivi, wanageuka, na anayeumia ni sisi.

Boti ya kubeba omena, wale dagaa wa ziwani, ilikuwa inaondoka saa tisa mchana. Tungeiwahi, tulale kwa basi, asubuhi tuko geti. Nikashuka mbio kuwaambia.

Nikamkuta Lynn ndani ya maji mpaka kifuani, Owino anamfunza kuogelea. "Owino, usiniachilie! Nitakuua, haki!" Benta amekaa kwa mchanga, amejishika mbavu kwa kicheko. Mashine ilimkata Lynn vidole viwili mwaka jana, na tangu hapo huo mkono hukaa mfukoni. Siku hiyo mikono yote ilikuwa hewani.

Nikasimama. Kanini akiwa mahututi, supavaisa alinipigia simu: njoo shifti ama usirudi tena. Nilienda. Jioni nikapata majirani wamejaa mlangoni kwangu.

"Mzee, umeona nini huko juu?" Benta akauliza.

"Maji tu."

Boti ikaondoka. Nikakunja suruali nikaingia, Owino akanimwagia maji, nikamtusi kwa Kikamba, wakazidi kucheka.

Jumatatu askari wa geti alisoma majina. Yetu hayakuwako, ati tulitumiwa meseji Jumatano na hatukuja. Watu wapya walikuwa ndani tangu Ijumaa. Owino akapiga kelele kwamba tulikuwa kisiwani, hakuna mmoja wetu aliyeipata hiyo meseji. Nikaangalia viatu vyangu.

Siku hizi Benta anafua nguo za watu huko Ruiru, na ana watoto watatu shuleni. Lakini akipita kwangu bado ananiletea githeri, anangoja nimalize ndiyo achukue bakuli lake. Jana nilikula, yeye ameketi kizingitini, ananiangalia. Hakuwa na hasira hata kidogo. Hiyo ndiyo ilinimaliza.

"Maluki," akasema, "ile Jumatano ulishuka ukikimbia. Ulikuwa unakimbia kutuambia nini?"