Tarehe ya Kioo cha Nne

Shangazi alikuwa anamenya vitunguu binti wa kaka yake alipoingia na kompyuta kwapani.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Leo nyota zimekufukuza?"

Binti huyo alikuwa mtaalamu wa nyota, ingawa majirani walimdhani mpiga ramli na walizidi kumwuliza lini watapata wachumba. Shangazi mwenyewe alifanya kazi miaka thelathini kwenye kituo kilekile cha darubini ambako binti alifanya kazi sasa, akipiga picha za anga juu ya vioo, enzi hizo kompyuta hazijaingia. Ndiye aliyempeleka huko mara ya kwanza, angali mdogo, akiwa amemshika mkono.

Kompyuta ikafunguliwa mezani. Likatokea duara la kijani lenye wekundu pembeni, na katikati kinukta cheupe.

"Nebula yako hii, lile wingu la gesi ulilokuwa ukilipiga picha. Nyota imezeeka, imevua gesi yake kama mtu anavyovua koti, na gesi bado inasambaa. Nikilinganisha picha za zamani na za sasa, najua imetanuka kiasi gani. Nikiuchambua mwanga wake rangi kwa rangi, najua gesi inakwenda kasi gani. Nikishapata hayo mawili, napiga hesabu ya umbali wake."

"Basi si umemaliza?"

"Ningekuwa nimemaliza! Kioo chako cha nne kinanitia wazimu. Vingine vyote vinakubaliana. Hiki kimeandikwa tarehe ya miaka arobaini iliyopita, lakini duara ni kubwa mno kwa wakati ule. Mkuu wangu anasema kina kasoro, kiondolewe."

Kisu kikasimama mkononi mwa Shangazi. Angeweza kunyamaza tu. Kioo kingetupwa, na yeye angekula chakula chake cha mchana kwa amani. Lakini alimtazama binti, macho mekundu kwa kukosa usingizi, akaona aibu.

"Hakina kasoro," alisema. "Mwenye kasoro ni mimi. Kile cha nne cha kweli nilikivunja. Nilikuwa nakipangusa vumbi, kikaniponyoka. Baba yako alikuwa amelazwa, na nyumba nzima inaniangalia mimi. Niliogopa kufukuzwa. Nikapiga kingine usiku uleule, nikakiandika tarehe ya kile kilichovunjika."

"Mwaka gani, Shangazi?"

"Mwaka uliozaliwa wewe. Mwezi wa sita."

Vidole vya binti vilikimbia juu ya kompyuta, kisha akajifunika uso kwa viganja. Shangazi akaweka kisu chini.

"Nimekuharibia kazi, mwanangu."

"Hujaharibu. Kwa tarehe hiyo, nukta yake imekaa kwenye mstari wa grafu pamoja na vingine, Shangazi! Miaka ile hatuna picha nyingine hata moja. Ni hii tu." Akashusha mikono, mashavu yalikuwa yamelowa. "Lakini lazima Mkuu aambiwe."

"Nitamwambia mwenyewe. Mdomo ninao."

Asubuhi iliyofuata Shangazi alivaa gauni lake zuri, akasimama mbele ya Mkuu, kijana wa kumzaa, akaeleza yote bila kupunguza. Mkuu alisikiliza hadi mwisho.

"Mama, uongo wa miaka thelathini na moja si mdogo," alisema. "Ungetupotezea hesabu nzima." Kisha akamsogezea kalamu na bahasha ya karatasi iliyohifadhi kioo kile, yenye tarehe yake juu.

Shangazi alikata tarehe ya zamani, akaandika ya kweli, na chini yake: *Cha kwanza nilikivunja mimi.* Binti akamshikia bahasha isicheze.

Walipotoka, Shangazi aliomba wakae kidogo kwenye ngazi.

"Ile nyota yetu sasa itakuwaje?"

"Gesi itaendelea kutawanyika. Baada ya miaka elfu kadhaa haitaonekana tena. Nyota yenyewe itabaki hapo, ndogo, ikipoa polepole."

"Peke yake?"

"Peke yake."

Shangazi akatikisa kichwa. "Baba yako angekuwepo leo, angenicheka mpaka adondoke, kwa kuogopa kioo miaka yote hii."

"Angekucheka, ndiyo," binti alisema, akamsogelea na kumlazia kichwa begani.