Ukurasa wa Mia na Kumi na Mbili

Maoni ya Sihaba juu ya riwaya ile yalikuwa mafupi. Aliyaandika kwanza kwa penseli kwenye daftari lake, kama alivyozoea, kisha akayaandika upya kwa kidole kimoja kwenye simu na kuyatuma katika kundi la wasomaji: "Mwandishi huyu anaijua lugha. Lakini mama anayemwacha mtoto wa miaka mitano mlangoni, akapanda gari bila hata kugeuka, mimi siwezi kumhurumia, na sioni kwa nini nilazimishwe. Nimemaliza kitabu nikiwa na hasira. Sikipendekezi."

Kabla hajaosha kikombe chake cha chai, watu ishirini na saba walikuwa wamemwekea alama ya dole gumba.

Alikuwa fundi cherehani. Chumba cha mbele cha nyumba waliyoachiwa na wazazi wao, katika mitaa ya zamani ya Bagamoyo, ndicho alichofanyia kazi. Magauni ya harusi na sare za shule vilining'inia ukutani, na dirishani, kati ya kopo la vifungo na pasi ya mkaa, hapakukosekana riwaya iliyolazwa kifudifudi. Vitabu aliletewa na Sharifu, muuza vitabu wa Dar es Salaam aliyevituma kwa basi vikiwa vimefungwa kwa gazeti. Sharifu huyo ndiye aliyeanzisha lile kundi la wasomaji, lenye walimu, wanasheria, wauguzi, na fundi cherehani mmoja ambaye maoni yake yalisubiriwa kuliko ya wote.

Katika nusu mwaka alikuwa amesoma riwaya tisa. Ile ya dalali wa viwanja aliifurahia hadi pale mwandishi alipomtembeza dalali wake kwa miguu kutoka Vigwaza hadi Fukayosi kabla jua halijapanda. Hapo aliandika, "Mwandishi hajawahi kufika. Angempandisha bodaboda." Ile ya nahodha wa Pangani aliisifu, akaongeza kwamba katika kurasa mia tatu hakumwona mwanamke hata mmoja aliyeumwa jino. Katika nyingine alihesabu mimba ya bibi harusi akakuta ina miezi kumi na mmoja. Watu walicheka, na vitabu wakavinunua vilevile. Walimwamini kwa sababu hakujipendekeza kwa mtu.

Naila, mtoto wa dada yake, alikuwa na desturi ya kuyasoma maoni hayo kwa sauti wakati wa kifungua kinywa, akimwigiza msomaji wa taarifa ya habari. Alikuwa na miaka ishirini, mwanachuo wa ualimu aliyekuja likizo. Asubuhi ile pia aliyasoma. Alipofika kwenye "bila hata kugeuka" ndipo alipokumbuka ni nani aliyeketi upande wa pili wa mkeka. Akamalizia maneno yaliyobaki kwa sauti ya chini, akaiweka simu pembeni.

Upande wa pili wa mkeka alikuwa ameketi mama yake mzazi.

Mwaija, dada mkubwa wa Sihaba, alikuwa amerejea kutoka ng'ambo, Salala, miezi mitatu iliyopita, baada ya miaka kumi na mitano ya kazi za ndani katika nyumba za watu. Alipoondoka Naila alikuwa na miaka mitano, na baba yake alikwishaoa Pangani akaisahau njia ya Bagamoyo. Sihaba, ambaye ndoa yake ilivunjika bila mtoto, ndiye aliyebaki na Naila. Mwaija alirudi na masanduku mawili, vidole vilivyovimba kwenye viungo, na mtoto wa jicho katika macho yote mawili. Dada hawa waliheshimiana. Shikamoo dada, marahaba, umeamkaje, salama. Mambo mengine hawakuyagusa. Hawakuugusa hata msiba wa mama yao, wa miaka minane nyuma, ambao Mwaija hakuja kuzika.

Mwaija alimaliza kutafuna mhogo wake taratibu. "Kitabu hicho ni kinene?" akauliza.

"Kurasa mia mbili na arobaini," Sihaba akajibu.

"Basi nisomee. Macho hayawezi, lakini masikio ninayo."

"Dada, si kizuri hicho. Nina vingine."

"Nataka hicho."

Wakaanza siku hiyohiyo baada ya sala ya adhuhuri, saa ambayo wateja huwa wachache. Sihaba aliketi kizingitini mwa uani, Mwaija akaketi mkekani akisuka ukili wa mkeka mpya, maana kazi hiyo vidole vyake viliiweza bila msaada wa macho. Kitabu kilianzia Maskati, katikati ya kazi za mwanamke aitwaye Ashatu, na habari za nyumbani zilikuja baadaye. Sihaba alisoma akiwa amejikaza. Alitarajia dada yake alie, au anune, au amwambie basi inatosha.

Mwaija hakufanya hata moja kati ya hayo. Alikisikiliza kitabu kama fundi anayekagua kazi ya fundi mwenzake. "Marumaru haisuguliwi kwa brashi ya chuma," alisema. "Angefukuzwa siku ya kwanza." Mahali ambapo Ashatu anajifunza kupika wali wa kule na kuuunguza, alicheka hadi akafuta machozi kwa pembe ya khanga; Sihaba hakukumbuka kucheka hapo. Walipofika kwenye pasipoti ya Ashatu iliyofungiwa ndani ya droo, akatikisa kichwa.

"Ya kwangu ilikuwa kabatini kwa mama mwenye nyumba, chini ya mashuka. Ufunguo aliuvaa shingoni."

Sihaba akaacha kusoma. "Mwaka gani huo?"

"Mwaka wa msiba wa mama. Nilimwomba anipe, siku nne mfululizo. Siku ya tano akaniuliza, si wameshamzika? Sasa unakwenda kufanya nini?" Mwaija alichomeka ukindu mpya kwenye ukili, akaukaza. "Endelea."

Sihaba aliendelea, ila kwa ukurasa mzima hakujua anasoma nini. Kwa miaka minane alikuwa na jibu lake la kwa nini dada yake hakuja, na hakuwahi kuuliza kama ndilo.

Kusoma kwa sauti kulimchosha kwa namna asiyoizoea. Akisoma peke yake aliweza kukimbia: mandhari ikirefuka aliivuka, mhusika akimkera alimpita kama mtu anayempita jirani mwenye maneno mengi. Mbele ya dada yake hakuweza kuvuka kitu. Kila sentensi ilibidi aibebe mpaka mwisho, na nyingine zilikuwa nzito kuliko alivyozikumbuka.

Siku ya nne wakafika ukurasa wa mia na kumi na mbili. Hapo ndipo mwandishi anaporudi nyuma hadi asubuhi ya safari: gari linanguruma nje, mtoto amesimama mlangoni na kipande cha mkate mkononi, na Ashatu anatembea hadi garini, anaingia, hageuki. Sihaba alisoma upesi, kwa sauti isiyopanda wala kushuka.

"Rudia," Mwaija akasema.

Akarudia.

Mwaija aliuweka ukili mapajani. "Umeandika kwamba mama huyo huwezi kumhurumia."

"Nimeandika juu ya kitabu, dada. Si juu yako."

"Najua. Sikulaumu. Lakini wewe ndiye uliyeniambia nisigeuke."

"Mimi?"

"Ulinishika hapa." Akajigusa bega la kushoto. "Ukaniambia, dada usigeuke, ukigeuka atalia na mimi sitamweza. Ulikuwa umevaa dera la kijani, lile ulilolishona mwenyewe likakubana kwapani. Nikasema, huyu ndiye anayebaki naye, acha nimsikilize. Garini nilijifunika ushungi usoni mpaka tukafika Dar. Shingo iliniuma wiki nzima, Siha."

Sihaba alitaka kubisha. Kisha dera lile likamrudia, kijani chake, mshono uliokaa vibaya kwapani, jasho la asubuhi ile. Maneno yalichelewa kidogo, lakini nayo yakaja, kwa sauti yake mwenyewe ya miaka thelathini na moja. Yalikuja pamoja na kitu kingine ambacho Mwaija hakukijua: kwamba alipokuwa akiyasema, mkono wake mwingine ulikwisha kumshika Naila. Hakuweza tena kujua kama aliogopa kilio cha mtoto, au aliogopa kwamba dada yake akigeuka atabadili mawazo na kumchukua.

"Nisamehe," akasema.

"Soma," Mwaija akajibu. "Nataka kujua alifika salama."

Akasoma. Kurasa zilizofuata zilikuwa ngeni kwake: Ashatu garini, Ashatu uwanja wa ndege, mwanamke wa Kilindi aliyempa nusu ya andazi lake. Mwandishi alikuwa ameiandika safari ile kwa uangalifu mkubwa, na Sihaba, aliyejitapa kwamba amemaliza kitabu akiwa na hasira, alikuwa amekipitia kwa macho tu kuanzia hapo hadi mwisho.

"Hizi hukuzisoma," Mwaija akasema baada ya muda. Hakuwa anauliza.

"Nilizipitia."

Kesho yake Sharifu alipiga simu. Alikuwa anaandaa kijikaratasi cha kugawa kwenye maonyesho ya vitabu, chenye maoni ya wasomaji, na alitaka yale ya Sihaba yatangulie. Watu hupenda ukali, alisema, mauzo yatapanda.

"Yafute," Sihaba akamwambia.

"Kwani umebadili mawazo?"

"Sijui bado. Ninachojua ni kwamba nilisoma kurasa mia na kumi na mbili tu, na nikaandika kama niliyemaliza."

Sharifu alicheka, akidhani utani. Jioni aliposoma maneno hayohayo kwenye kundi, yameandikwa na Sihaba mwenyewe mbele ya wote, hakucheka tena. Mwalimu mmoja alimtania. Mwingine aliuliza ni vitabu vingapi vingine alivyovisoma hivyo. Sihaba aliona swali ni halali.

Hayo yalikuwa mepesi. Lililobaki lilikuwa Naila.

Naila alipokuwa na miaka saba alikuwa na tabia ya kuketi mlangoni kila gari lilipopita. Siku moja Sihaba, amechoka na hajalala kwa homa, alimwambia, "Mama yako aliondoka bila kugeuka. Usimsubiri." Mtoto akaacha kuketi mlangoni. Sihaba aliona dawa imefanya kazi, akaitumia tena kila ilipohitajika, hadi maneno yale yakawa ndiyo historia ya nyumba. Naila aliyakulia. Mama yake aliporudi, alimwamkia shikamoo kama anavyoamkiwa mgeni, akambebea masanduku, akamwandalia kitanda kwa shuka safi, na tangu siku hiyo hakumwuliza swali hata moja.

Sihaba alimwambia Jumamosi asubuhi, wawili wao wakiwa chumba cha mbele, Naila akimsaidia kushona vifungo vya sare. Alimwambia yote, hata lile la mkono. Naila hakuacha kushona mpaka kifungo alichokuwa nacho kikashika. Akakata uzi.

"Kwa nini uliniambia vile, mama mdogo?"

"Kwa sababu ilikuwa kweli. Hakugeuka. Na nilitaka uache kukaa mlangoni."

"Na sehemu yako?"

"Niliisahau."

"Uliisahau au uliiruka?"

Sihaba alimtazama binti aliyemlea. Angeweza kulia, na kilio kingemsaidia. Naila angeinuka amfute machozi na mazungumzo yangeishia hapo. Hakulia. "Sijui, mwanangu," akasema. "Wallahi sijui."

Naila alikusanya vitu vyake akaenda Makurunge kwa rafiki yake wa chuoni. Hakupiga kelele wala hakubamiza mlango. Sihaba aliporudi kizingitini adhuhuri ile, hakukiona kitabu. Kilikuwa kimeondoka naye. Mwaija aliuliza, "Leo hatusomi?" Sihaba akamweleza alichokifanya. Dada yake alisikiliza hadi mwisho, akapapasa mkeka akaupata mkono wake, akaushika kwa muda, kisha akaurudisha mahali pake na kuendelea na ukili.

Siku tatu nyumba ilikuwa na watu wawili. Sihaba alishona magauni mawili na kulifumua moja. Siku ya nne, kabla ya adhana ya adhuhuri, Naila aliingia kwa mlango wa uani, akaamkia, akavua viatu. Hakuketi karibu na Sihaba, wala mbali. Aliketi mkekani, akakitoa kitabu mkobani.

"Nimekimaliza," akasema. Hakusema anamwambia nani. "Kuna kitu hakuna aliyekisema kwenye kundi. Kurasa mia mbili na arobaini, yule mtoto hana jina. Anaitwa mtoto tu. Mama anamkumbuka, anamlilia, anamtumia nguo, lakini jina hamtaji hata mara moja. Mimi hilo ndilo limeniudhi. Kutogeuka kwake hakukunisumbua sana."

Sihaba alijaribu kukumbuka. Ilikuwa kweli. Alikuwa amekipitia kitabu, kwa macho na kwa sauti, na hakuliona hilo.

Mwaija aliacha kusuka. "Labda mwandishi aliwauliza waliofika kule," akasema. "Mimi kule jina lako sikulitaja. Nikilitaja, kazi ilinishinda siku nzima, sahani zikanivunjikia. Nilikuwa na neno jingine."

Naila alikunja goti, akauweka mkono juu yake. Aliyatazama macho ya mama yake yenye ukungu, ambayo hayakuweza kumwona vizuri.

"Neno gani?"

"Sogea hapa. Ni refu kidogo, na lina kisa chake."

Naila alisogea. Sihaba aliinuka, akasema nazi zimekwisha, akavuta buibui msumarini. Nazi zilikuwapo tatu jikoni, na wote watatu walijua. Aliurudisha mlango wa uani nyuma yake polepole usije ukalia, akatembea bila kusimama hadi soko la samaki. Muuza pweza mmoja, aliyezoea kumwona akipima na kubishana bei, alimwuliza leo anataka wa ukubwa gani.

"Hapana," Sihaba akamwambia. "Niko tu."

Muuza pweza akamsogezea ndoo aliyoipindua, ajikalie.