Niliiba Kumbukumbu za Julienne

Niko na wivu, sifichi. Hata siku ile walipomupasua bwana yangu moyo kule Kigali, kitu cha kwanza nilichouliza ni kama infirmière, yule muuguzi anayemuosha, ni kijana ao mama muzee.

Balagizi alirudi kwetu Majengo, hapa Goma, na kovu refu kifuani. Moyo unapiga sawasawa, lakini kichwa kilikuwa kimebakia nyuma. Doktere alituonya: walipokuwa wanamupasua, moyo ulisimamishwa, mashini ikafanya kazi yake, na watu wengine wakiamuka wanasahau-sahau kwa miezi. "Kwa wengi akili inarudi polepole," alisema. "Mumukumbushe kila siku mambo ya kweli." Nikajibu ndiyo, doktere.

Sasa unajua alianza kukumbuka nini? Si harusi yetu ya Bukavu. Si kuzaliwa kwa Élodie, binti yetu. Anakaa ku kiti mbele ya mulango, anacheka peke yake, anasema: "Kulikuwa binti moja kule mujini Kiwanja. Nilikuwa namubeba ku pikipiki, mvua inatunyeshea, yeye anaimba tu nyuma yangu. Jina yake imenipotea."

Mimi nililijua. Julienne! Muchumba wake wa mbele yangu. Vita ilimuleta Goma mwaka uliopita, anauza maharagi nyumba tatu tu kutoka kwetu, tena tuko naye katika shirika moja la kusali la parokia. Kila akinisalimia, "Jambo, Mama Élodie," najibu nikiangalia pembeni.

Basi siku moja nikachoka.

"Ni mimi," nikamuambia.

"Wewe?"

"Nani mwingine? Ni mimi niliimba ku ile pikipiki. Umesahau, Papa Élodie?"

Akaniangalia. Yesu Maria! Miaka kumi na nane ya ndoa, hajawahi kuniangalia vile. Toka siku ile, kila alichokumbuka cha Kiwanja nilikichukua: samaki waliowala pamoja, barua walizoandikiana, hata ugomvi wao. Akawa ananishika mukono mbele ya majirani. Na bado wivu haukutulia, sababu nilijua macho yale si yangu. Wewe, umeshaona mutu anajionea wivu mwenyewe?

Jumanne alasiri shirika likaja kusali kwetu. Viti vya kuazima vilijaa, Julienne akakaa karibu na mulango. Papa Cyprien, kiongozi wetu, akauliza kama desturi: nani iko na marehemu wa kuombea? Ataje jina, na wote tuliseme pamoja.

Balagizi akainua mukono. "Mutoto wetu," akasema. "Tulimuzika Kiwanja. Alikuwa na siku tatu tu."

Watu wote wakanigeukia. Mutoto gani, ee Mungu? Habari za barua na samaki nilizisikia zamani, lakini mutoto hakuna mutu aliyewahi kunitajia.

"Pole sana, Mama Élodie, hatukujua," Papa Cyprien akasema. "Aliitwa nani?"

Balagizi akajipiga-piga paji la uso. "Imenipotea. Nilimubeba mimi mwenyewe mpaka ku kaburi, na jina imenipotea." Akaanza kulia, muzee muzima. Akapiga goti, akanishika magoti yangu. "Mama Élodie, ni wewe ulimuzaa. Niambie."

Julienne alikuwa ameziba mudomo na kitenge. Mimi ningetaja jina lolote, na ulimi wangu ulikuwa tayari, usinione mutakatifu. Balagizi angetulia, na watu kumi na mbili wangemuombea mutoto ambaye hakuzaliwa. Yule wa kweli angebakia kule Kiwanja bila mutu wa kumutaja, na baba yake mwenyewe iko hapa analia.

"Mama Julienne," nikasema. "Munisamehe. Museme ninyi jina lake. Mutoto ni wenu."

Julienne akasimama polepole.

"Joviale," akasema. "Aliitwa Joviale."

Wote tukalisema, na mimi pia. Balagizi akaachilia magoti yangu.