Sindano ya Mama Mkwe

Kizahanati chetu, ukipita Swima, kina mganga mmoja tu, Mukankuranga, na siku ile mgonjwa alikuwa Rukunda, mume wa binti yake Iriza. Wafugaji wa mlimani kama wao wana heshima kali: mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni wala hawasemezani. Na Rukunda alikuwa na kaswende. Aliipata mjini Baraka, alikoshuka kuuza fahali mmoja akakaa wiki nzima.

Mimi Adolphine kazi yangu ni kufagia. Siku hiyo niligeuzwa ukuta: nilishika kitambaa cha kikwembe kati yao, mikono juu, nikipeleka maneno hatua moja huku wote wawili wanasikia vizuri.

"Adolphine, umuulize mugonjwa kama iko na bibi."

"Muganga anauliza kama uko na bibi."

"Umuambie niko naye."

"Umuulize kama iko na mimba."

Loo! Juzi tu Mukankuranga alikuwa akimfumia mjukuu huyo kofia, pale pale kwenye meza ya dawa. Nilitaka kucheka, lakini yeye tayari alikuwa akijaza sindano.

"Miezi saba," Rukunda akaniambia.

Kikwembe tulikuwa tumekikata tundu. Rukunda akaegemeza kalio, mama mkwe akachoma bila kumtambua mwenye kalio. Heshima ikabaki salama. Ujinga mtupu, nasema wazi.

"Umuambie alete bibi leo. Bila sindano, mutoto anaweza kufa ndani ya tumbo."

"Umuambie bibi yangu haiko mugonjwa. Na asijue kitu."

Kazi ilimkataza Mukankuranga kutoa siri ya mgonjwa, hata kwa binti yake. Mila ilimkataza kumsihi mkwewe. Akanitazama mimi, kana kwamba mimi ndiye serikali. Nilimwonea huruma.

Ndipo akaninyang'anya kikwembe, akakitupa chini.

Rukunda akajifunika uso kwa kofia. Wagonjwa wa mlimani waliokuwa kwenye benchi wakageukia ukutani wote kwa pamoja, na mzee mmoja akarukia nje kupitia dirishani, na mguu wake mbovu hivyo hivyo.

"Rukunda! Niangalie. Umuite mutoto wangu, ao napanda mulima mi mwenyewe."

Rukunda alilia, kisha akatoa simu.

Iriza alifika alasiri, akihema. Akawakuta mumewe na mama yake wameketi benchi moja, wanatazamana.

"Nani amekufa?"

"Bado hakuna," mama yake akasema, akaenda kunawa mikono.