Kopo la Siagi Lilivyonipima

Niliota usiku wa jana kwamba nimepanga foleni jikoni kwangu, nyuma ya chupa tatu za maji na kandambili moja ya mguu wa kushoto. Foleni ilikwenda taratibu. Hakuna aliyelalamika, nami nikaona aibu kuwa wa kwanza.

Mbele, juu ya kigoda cha mke wangu, alikaa mwenyekiti. Alikuwa lile kopo la siagi ambalo halijaona siagi tangu mwaka juzi. Ukilifungua asubuhi huku umeshika mkate, unakuta maharage ya jana. Nimelichukia kopo hilo kwa muda mrefu, na nadhani lilijua.

Afadhali nieleze. Mama Shija, mke wangu, amebandika ukutani jikoni karatasi ya masharti ya kikundi chake cha akina mama wanaochambua taka za nyumbani. Tenganisha vinavyooza na visivyooza, osha, ondoa kifuniko, na kabla ya kutupa kitu uliza kama bado kinafaa. Mimi sijawahi kuisoma hadi mwisho. Tangu nilipostaafu ufundi mizani kwenye ghala la pamba, miezi kumi na moja sasa, kila kitu nakiona ni cha shimoni. Maganda, chupa, betri, natupa pamoja. Mama Shija huinama tu akavitoa kimoja kimoja.

"Ondoa kifuniko," kopo linaniambia.

Navua kofia.

"Osha."

Dodoki linatoka kwenye karai, linanisugua masikio na kisogo bila hasira yoyote, kama linavyosugua sufuria. Chupa zinageuka pembeni kunistahi.

"Tenganisha."

Mkono wangu wa kushoto unaachana na bega, unakwenda kukaa kwenye benchi karibu na kandambili. Wanaonekana kuelewana.

"Mzee huyu anaoza au haozi?" kopo liliuliza.

"Anaoza," kandambili ilijibu, "ila polepole."

Ukutani yaliegemea magunia manne. La kwanza liliandikwa vinavyooza, la pili plastiki, la tatu vyuma. La nne halikuandikwa kitu. Niliuliza ni la nini.

"La walioulizwa wakakosa jibu," lilisema kopo. "Hilo linakwenda jalalani. Sasa sema, bado unafaa kwa nini?"

"Nilikuwa fundi mizani," nikasema.

"Sikuuliza ulikuwa nani. Hata hii chupa ilikuwa na maji. Nimeuliza bado."

"Mimi nitawekwa mafuta ya taa," chupa ilisema.

"Mimi nitakatwa niwe bawaba za mlango wa banda la kuku," ilisema kandambili, wala haikujivuna.

Mimi sikuwa na la kusema. Niliumia, sitaficha. Niliumia kuliko siku ile waliponiaga ghalani kwa soda na kipande cha keki.

Hapo jikoni pakawa ghala la pamba. Paa lilipanda juu, pamba ikajaa sakafuni, na katikati ikaning'inia mizani ya ndoano. Mama Shija alisimama chini yake akiwa na daftari, kalamu ameichomeka kwenye nywele.

"Na wewe umo?" nikamuuliza.

"Leo ni zamu yangu. Panda, Baba Shija, wenzio wanasubiri."

Ndoano ikanishika ukosi wa shati, ikaninyanyua. Mshale haukusogea. Wakanishusha, wakanipandisha tena. Sifuri. Mara ya tatu, sifuri. Gunia la nne likaanza kujifungua mdomo lenyewe.

Mama Shija hakuandika. "Huyu si wa gunia hilo," aliliambia kopo. "Nimeishi naye. Mnapima vibaya."

"Mizani haina upendeleo," kopo likasema.

Neno hilo lilinikera sana. Nimefanya kazi na mizani miaka thelathini na minne. Mizani ina upendeleo kuliko shangazi. Nikainua macho pale pale nilipokuwa nimening'inia, nikaona springi imesongwa na nyuzi za pamba na bamba limekaa upande.

"Nipeni kisu cha mezani," nikasema.

Mkono wangu wa kushoto ulinyanyuka benchini bila kuitwa, ukakichukua kisu, ukapanda hadi begani. Tukafanya kazi. Nilifungua skrubu nne nikazibana midomoni, kama tunavyofanya mafundi wote, maana ukiziweka mezani hutaziona tena. Nikatoa zile nyuzi, nikanyoosha springi, nikarudisha skrubu ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mshale ukashtuka, ukapanda, ukatulia.

"Sitini na tatu," Mama Shija akasema, akaandika kwa herufi kubwa.

"Na bado anafaa kwa nini?" kopo liliuliza.

"Kwa hilo ulilomwona akilifanya."

Kopo lilifikiri. Nilisikia maharage yakigeuka ndani. "Basi wote tuliowapima leo tumewadhulumu," likasema. "Fungueni gunia la nne."

Wakatoka wakijikung'uta vumbi: sufuria lisilo na mkono, mwavuli wa mbavu tatu, ndoo ya rangi yenye ufa. Wakapanga foleni upya, wakichekeana. Nilifurahi hadi machozi yakanitoka, huku nikiwa bado juu ya ndoano, na ndoo ikanisukuma mgongoni ili nishuke.

Nikazinduka. Kumekucha. Ndoo ile haikuwa ndoo, alikuwa Mama Shija akinitikisa bega, amekwisha kuvaa tayari kwa kwenda kikundini.

"Baba Shija, amka basi. Mwenzangu kanipigia simu sasa hivi. Mizani yetu ya kikundi, ya kupimia taka, iliyokuwa imegoma wiki nzima leo imeamka inapima yenyewe, ila bamba lake linachezacheza. Nilikuwa naogopa kukusumbua. Utakuja kuiangalia?"

Nilijiinua, nikakaa kitandani.

"Mbona hunijibu?"

Sikuweza. Nikakinga kiganja chini ya kidevu, nikatema skrubu moja ndogo. Tukaitazama wote wawili.

"Hiyo ni ya wapi?" akauliza.

"Ya kwenu," nikasema, nikaanza kutafuta viatu.